Wakame, konbu, nori, hijiki: majina yametoka wapi, na kwa nini mchuzi wangu unateleza?

supu_ya_asubuhi

Wakuu, habari. Nina maswali mawili kuhusu mwani wa Kijapani.

La kwanza ni la majina. Naona "me" inajirudia mwishoni: wakame, arame, hirome, kajime. Hilo ni neno, au imetokea tu? Na mbona konbu, nori na hijiki hazina hiyo "me"? Kuna wanaosema konbu ni neno la Kiainu (lugha ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani), wengine wanasema ni Kichina. Nani yuko sahihi?

La pili ni la sufuria. Vipimo vilikuwa hivi: maji lita 1, konbu kavu gramu 20, imeoshwa bombani mpaka ule unga mweupe ukaisha, ikachemka dakika 25. Mchuzi ukatoka wa kahawia, unateleza kama bamia, na una uchungu kwa mbali. Wakame kavu ya vipande nilitia gramu 15 kwa bakuli 4 za supu ya miso (soya iliyochachushwa), mwanzoni kabisa, pamoja na tofu. Ikafura ikajaa sufuria nzima, halafu ikalegea. Nori ya kuvingirishia wali nayo ilikuwa kama nailoni, unavuta kwa meno haikatiki.

Pakiti ya hijiki bado haijafunguliwa, kwa sababu ya habari za aseniki, ile sumu. Naomba majibu yenye vipimo, si "weka kiasi".

---

Mzizi_wa_Neno

Mimi nachukua majina, sufuria nawaachia wenye mizani.

"Me" ni neno kamili. Katika Kijapani cha kale lilitaja mwani unaoliwa, hasa ule wenye majani mapana. Neno la jumla la majani ya majini, yaliwe yasiliwe, lilikuwa "mo". Siku hizi "me" haitumiki tena peke yake kwa maana hiyo. Imebaki imegandana na neno lingine, na hilo neno lingine mara nyingi linamwambia mpishi jambo la maana.

Wakame: "waka" ni changa. Mwani huu huvunwa kuanzia mwisho wa majira ya baridi hadi masika, ungali laini, na ndiyo maana hauhitaji kupikwa kwa muda mrefu. Arame: "ara" ni yenye kukwaruza, isiyolainika, na kweli arame ni ngumu kiasi kwamba huchemshwa kiwandani kabla ya kukatwa nyuzi na kukaushwa. Kajime inatokana na kitenzi cha kale cha kutwanga, kwa hiyo ni "me ya kutwangwa". Hirome: "hiro" ni pana. Mekabu imegeuza mpangilio, "me" iko mbele na "kabu" ni kisiki: ni ile sehemu nene yenye mikunjo chini ya wakame, karibu na inaposhika mwamba, ambako mbegu zake hutengenezwa. Mekabu na wakame ni mmea mmoja ila dukani utazikuta pakiti mbili.

Tahadhari moja. "Me" ya leo ina maana pia ya jicho, na ya chipukizi. Hizo hazihusiki hapa. Wakame huandikwa kwa herufi za "changa" na "nguo" (若布), kwa sababu jani lililoanikwa lilionekana kama kipande cha kitambaa. Herufi hiyohiyo ya nguo utaikuta kwenye arame (荒布) na konbu (昆布).

Neno lenyewe la kale linaishi mahali pengine pazuri. Katika mji wa Kitakyushu, ukingoni mwa mlango wa bahari wa Kanmon, kuna hekalu la Mekari, yaani "kukata me". Alfajiri ya mwaka mpya kwa kalenda ya zamani ya mwezi, maji yakiwa yamekupwa, makuhani hushuka kwenye maji baridi na mwenge wa mianzi na mundu, wakakata wakame ya kwanza ya msimu na kuitoa kwa miungu.

Sasa zisizo na "me".

Mozuku ni "mo" na "tsuku", kushika: mwani unaojishikiza kwenye mwani mwingine. Hijiki kwa umbo lake la kale ilikuwa na "mo" mwishoni, kitu kama hizukimo, kisha mkia ukadondoka. Kinachochekesha ni kwamba herufi zake (鹿尾菜) zimeleta mkia mwingine: zinasomeka "mboga ya mkia wa paa". Ukitazama vijiti vyake vifupi vyeusi utaelewa aliyeziandika aliona nini.

Nori inahusishwa na sauti za utelezi za Kijapani, "nura" na "nuru", jinsi mwani huo unavyohisi mkononi ukiwa mbichi juu ya mwamba. Herufi zake (海苔) zina maana nyingine kabisa, "kuvumwani cha bahari", kwa sababu zilichukuliwa kutoka Kichina na kubandikwa juu ya neno la Kijapani lililokuwepo. Hilo limetokea kwa majina mengi ya vyakula vya Japani, kwa hiyo usitafute asili ya jina kwenye herufi kabla ya kusikiliza sauti.

Konbu ndiyo yenye kesi. Majina yake ya zamani ni mawili: hirome, "me pana", na ebisume, "me ya Waebisu", yaani ya watu wa kaskazini ambao utawala wa Yamato, dola ya kale ya Japani, ulikuwa haujawatia mkononi. Jina la pili linakutajia bidhaa ilikotoka, kwani konbu hukua kwenye maji baridi ya Hokkaido na kaskazini mwa Honshu. Katika kumbukumbu za dola za mwaka 715 tayari kuna kiongozi wa Waemishi (ndio Waebisu haohao) anayesema mababu zake wamekuwa wakileta konbu kama kodi. Neno konbu lenyewe lina maelezo matatu: kwamba ni "kompu" ya Kiainu, kwamba ni "kunbu" ya Kichina, au kwamba herufi za hirome (広布) zilianza kusomwa kwa matamshi ya Kichina na jina jipya likazaliwa hapo. Kila moja lina pengo. Kiainu na Kijapani vimeazimana maneno kwa karne nyingi, kwa hiyo kukuta "kompu" upande mmoja hakukuonyeshi nani alimwazima mwenzake. Na "kunbu" ya vitabu vya tiba vya Kichina haikuwa lazima mwani huuhuu. Wachina wa leo konbu wanaiita haidai, "mkanda wa bahari". Anayekupa jibu moja kwa kiapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na ukiona mtu kaandika "kombu" usimsahihishe. N ikikutana na b midomo yenyewe inaifanya m, kama vile sisi tunavyosema mbaya na si nbaya.

---

Sufuria_Nzito

Majina yameeleweka, tushuke jikoni. Mkuu, mchuzi wako una makosa matatu na kila moja lina matokeo yake.

Kuosha bombani. Ule unga mweupe si uchafu. Mwingi ni manitoli, aina ya sukari inayojitokeza juu konbu inapokauka. Futa mchanga kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, basi. Ukungu utautambua: una manyoya, rangi ya kijani au kijivu, na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Manitoli ni kavu, na ukiigusa kwa kidole chenye maji inayeyuka.

Kuchemsha dakika 25. Hapa ndipo utelezi ulipotoka. Kuta za konbu zimejengwa kwa aljinati, kitu kinachoteleza kikiingia majini, na ikitokota kwa muda inaachia hiyo aljinati kwenye maji pamoja na rangi, harufu ya pwani na uchungu. Unachotaka wewe ni glutamati, na hiyo hutoka mapema, hata kwenye maji ya baridi. Ni kutoka kwenye mchuzi wa konbu ambapo Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 huko Tokyo na kuiita ladha yake umami.

Gramu 20 kwa lita si dhambi, ila kwa kuanzia 10 zinatosha.

Fanya hivi. Konbu gramu 10, maji baridi lita 1, loweka dakika 30 kwa uchache. Ukiweza iache kwenye friji usiku kucha. Weka sufuria juu ya moto mdogo, bila kifuniko, ili ichukue dakika 10 hadi 15 kufika karibu na kuchemka. Vikianza kupanda viputo vidogo kando ya sufuria, bonyeza sehemu nene ya konbu kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama bila kusukuma kwa nguvu, imetoa kilichomo. Itoe kabla maji hayajatokota. Mwenye kipimajoto anaweza kushikilia nyuzi 60 kwa saa nzima badala yake; mchuzi hutoka safi zaidi, kama una subira.

Ukitaka dashi kamili (mchuzi wa msingi wa Kijapani), konbu ikishatoka acha maji yachemke, engua povu, mimina maji baridi kama mililita 50 kuyatuliza, zima moto, tia katsuobushi (samaki mkavu wa jamii ya jodari, aliyeparuzwa nyembamba) gramu 20 hadi 30. Iache izame yenyewe dakika 1 au 2, kisha chuja kwa kitambaa bila kukamua. Ukikamua, unarudisha ukakasi na ukungu wa samaki uleule uliotaka kuukwepa. Viwili hivi vinapikwa pamoja kwa sababu: katsuobushi ina inosinati, iliyotambuliwa na Shintaro Kodama mwaka 1913, na ikikutana na glutamati ladha inapanda kuliko ukizijumlisha tu. Asiyekula samaki atumie uyoga mkavu wa shiitake, vipande 3 au 4, aloweke kwenye maji hayohayo ya baridi.

Mchuzi uliokwisha kuteleza haurudi. Usiumwage, pikia viazi au figili kwa sosi ya soya. Humo utelezi hausumbui.

Maji nayo yana neno. Ya Japani kwa kawaida ni laini. Kama yako ni magumu, yenye kalisi nyingi, kalisi hushikana na aljinati juu ya konbu, uso unakuwa mgumu na ladha inakwama ndani. Tumia maji yenye madini machache, la sivyo ongeza muda wa kuloweka. Usiongeze moto.

Jambo la afya, kwa kifupi: konbu ina iodini nyingi kupita mwani mwingine wa mezani, kiasi cha miligramu 2 ndani ya gramu moja kavu, na sehemu kubwa huhamia kwenye maji. Kikomo cha Japani kwa mtu mzima ni miligramu 3 kwa siku. Supu ya mara mojamoja haina shida kwa mtu mzima mwenye afya. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye tatizo la tezi ya shingo asiifanye ya kila siku kabla ya kuongea na daktari.

---

supu_ya_asubuhi

Nimeelewa kwa nini ilikuwa bamia. Swali dogo: pakiti zimeandikwa Rishiri, Rausu, Hidaka, ma-konbu. Ni majina ya kampuni, au kuna tofauti ya kweli?

---

Sufuria_Nzito

Matatu ya kwanza ni mahali, ma-konbu ni jina la aina, na tofauti ni ya kweli. Rishiri ni kisiwa kaskazini kabisa mwa Hokkaido: mchuzi mwepesi, mweupe, wenye chumvi kidogo, ndio unaopendwa Kyoto kwa supu za mchuzi mwangavu. Rausu ni mji kwenye rasi ya Shiretoko: mchuzi mzito wa manjano, una mawingu kidogo, mzuri kwa tambi na vitoweo vya sufuria. Ma-konbu inatoka kusini, pande za Hakodate, ni nene na tamu. Osaka wameizoea tangu enzi za meli za kitamaebune zilizokuwa zikishuka nayo kwa bahari ya Japani. Hidaka inaiva upesi na kuliwa yenyewe. Kwa mchuzi ni dhaifu, kwa kufungia samaki au kutia kwenye oden (kitoweo cha kuchemshwa polepole) ndiyo hasa. Kama yako ilikuwa Hidaka ukaichemsha dakika 25, basi ulikuwa umepika mboga.

---

mkasi_na_mizani

Naja na wakame na nori.

Wakame kavu ya vipande huongezeka uzito kama mara 10 ikilowa. Gramu 15 ni gramu 150 za majani ndani ya bakuli 4. Si ajabu sufuria ilijaa. Tumia gramu 1 kwa bakuli. Kipimo kizima cha bakuli 4: dashi mililita 800, tofu gramu 150, miso gramu 60, wakame gramu 4. Pasha dashi na tofu, zima moto, yeyusha miso ndani ya kijiko kikubwa kwa mchuzi kidogo kisha uichanganye, halafu wakame iliyolowekwa dakika 5 na kukamuliwa. Au iweke kavu moja kwa moja kwenye bakuli na umimine supu juu; mpaka bakuli lifike mezani imeshafunguka. Usiirudishe motoni. Wakame inayochemka huachia utelezi wake, kijani kinafifia kuwa rangi ya jani lililokauka, na miso inapoteza harufu.

Kuna pia wakame ya chumvi, ile yenye unyevu inayokaa kwenye friji. Hiyo suuza mara mbili, loweka dakika 5, onja kipande. Ikiwa bado ni chumvi tupu, dakika 2 nyingine. Ukizidisha inakuwa utando. Kata ule ugongo mgumu wa katikati uuweke kando, una utafunaji mzuri kwenye kachumbari.

Nyongeza kwa Mzizi: wakame hai baharini ni ya kahawia. Ukiitumbukiza kwenye maji ya moto inageuka kijani kibichi papo hapo, kwa sababu rangi ya kahawia iliyokuwa imeifunika klorofili (rangi ya kijani ya mimea) hubadilika kwa joto. Zinazouzwa kavu na za chumvi nyingi zimeshapita hapo, ndiyo maana wengi wanadhani ni mwani wa kijani. Siki nayo huua hicho kijani. Kachumbari ya wakame (gramu 5 kavu, tango 1 lililokatwa duara nyembamba na kukamuliwa kwa chumvi, siki ya mchele vijiko vikubwa 2, sukari kijiko kikubwa 1, sosi ya soya kijiko cha chai 1) changanya wakati wa kula, si saa moja kabla.

Nori. Ilikuwa kama nailoni kwa sababu ilikuwa imenyonya unyevu, au ilikuwa haijaokwa. Soma pakiti: yaki-nori imeshapitishwa motoni, hoshi-nori bado, ajitsuke-nori imepakwa sosi na sukari, hiyo inanata vidoleni na haifai kwa sushi. Karatasi ya kawaida ni sentimita 21 kwa 19, na uzito wake ni gramu 3 hivi, kwa hiyo unyevu kidogo tu unaiharibu.

Kuipasha: shika karatasi mbili pamoja, nyuso zinazong'aa zikitazamana ndani, zipitishe kama sentimita 10 juu ya moto, sekunde 2 au 3 kila upande, bila kusimama. Angalia rangi dhidi ya mwanga. Nyeusi yenye zambarau inahama kuwa kijani, kwa sababu rangi nyekundu ya mwani inavunjwa na joto na klorofili inabaki. Ikiwa kijani, na kona ikivunjika kwa sauti ukiikunja, imeiva. Ikianza kujikunja yenyewe na kunuka moshi umechelewa.

Upande unaong'aa unakaa chini kwenye mkeka wa mianzi, wali unakaa upande wa kukwaruza. Mkunjo mwembamba: nusu karatasi, wali gramu 80, na ukanda wa sentimita 1 mtupu upande wa mbali. Wali uwe wa joto la mwili. Wa moto unatoa mvuke na unarudi palepale kwenye nailoni. Onigiri (tonge la wali) ivishwe nori dakika ya kula.

Iliyobaki iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na kile kipakiti cha kukausha. Ikikaa friza, iache ifike joto la chumba *kabla* ya kufungua. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya jikoni inageuka maji juu yake mbele ya macho yako.

---

kijiti_cheusi

Nori si maana yake ni gundi? Nilidhani ndiyo maana inashika wali.

---

Mzizi_wa_Neno

Gundi nayo ni nori (糊), sauti moja, herufi nyingine. Wanaofuatilia maneno huyaweka mawili hayo chini ya shina moja la utelezi na kunata, kwa hiyo ni ndugu. Lakini mwani haukuitwa hivyo kwa ajili ya kushika wali. Nori ni kongwe kuliko ile karatasi: sheria ya Taiho ya mwaka 701 inaitaja miongoni mwa kodi za mazao ya bahari, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiitandaza. Karatasi ilikuja enzi za Edo (1603 hadi 1868), kwa kuiga utengenezaji wa karatasi halisi: unakatakata mwani, unauchanganya na maji, unaumimina kwenye fremu juu ya mkeka, unaanika. Jina "Asakusa-nori" linatoka kwenye Asakusa, kitongoji cha mji wa Edo (Tokyo ya leo), kilichojulikana pia kwa karatasi zake.

Na wakati huo iliitwa vilevile "mmea wa bahati". Wavuvi walichomeka matawi baharini wakasubiri, mwaka mwingine nori ikaja, mwaka mwingine ikakosa, na hakuna aliyejua mbegu zilikuwa zinakaa wapi majira ya joto. Jibu lilitoka Uingereza mwaka 1949: Kathleen Drew-Baker alionyesha kwamba mwani wa jamii hii hupitisha sehemu ya maisha yake kama nyuzi ndogo ndani ya magamba ya konokombe, nyuzi ambazo watu walidhani ni kiumbe kingine. Wajapani wakaanza kupanda mbegu ndani ya magamba ya chaza na kuzihamishia kwenye nyavu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Japani, lakini mjini Uto, mkoa wa Kumamoto, kuna mnara wake na kila tarehe 14 Aprili hufanyiwa kumbukumbu. Jambo moja la ajabu: nori iliyozaa jina Asakusa-nori (Pyropia tenera) sasa ni adimu porini. Unayonunua karibu yote ni spishi jirani, susabi-nori, na sehemu kubwa inatoka bahari ya Ariake, Kyushu.

---

kijiti_cheusi

Basi nilipe deni: hijiki naijua.

Aseniki ni ya kweli. Hijiki ina aseniki isiyo ya kikaboni, aina yenye madhara, kwa wingi kuliko mwani mwingine wa kawaida. Uingereza tangu mwaka 2004 inawashauri watu wasiile kabisa. Japani wanaendelea kuila, kwa kiasi kidogo na kwa kuiandaa vizuri. Wizara yao ya kilimo imepima njia za kuandaa: kuloweka dakika 30 na kumwaga maji huondoa karibu nusu. Kuichemsha kwenye maji mengi badala ya kuiloweka tu huondoa karibu asilimia 80. Kuloweka, kisha kuchemsha na kumwaga, huondoa karibu asilimia 90.

Kwa hiyo: hijiki kavu gramu 20, maji lita 1, dakika 30. Itoe kwa mikono kutoka juu. *Usimimine* bakuli lote kwenye chujio, mchanga umelala chini na utaurudisha juu ya mboga. Maji mapya, chemsha dakika 5, mwaga, suuza. Maji ya kuloweka yasitumike kwenye chakula hata kama yananukia vizuri.

Kisha mafuta ya ufuta kijiko kikubwa 1, karoti gramu 50 iliyokatwa vijiti, hijiki, koroga dakika 2. Dashi mililita 200, sukari kijiko kikubwa 1, mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) 1, na sosi ya soya 2 baada ya dakika 5. Sukari itangulie, sosi ikitangulia hijiki inabana na utamu hauingii. Moto wa wastani dakika 15, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria ubaki mstari mkavu kwa sekunde. Sahani ndogo, si bakuli.

Na msiinunue kwa ajili ya madini ya chuma. Sifa hiyo ilitoka kwenye sufuria za chuma za viwandani. Majedwali ya vyakula ya Japani ya mwaka 2015 yalizitenganisha: iliyochemshwa kwenye sufuria ya chuma ina miligramu 58 kwa gramu 100 kavu, ya sufuria ya chuma cha pua ina 6.2.

Anayeogopa kabisa achukue arame, ambayo haina tatizo hilo. Kavu zinafanana hadi wauzaji huzichanganya: arame ni nyuzi bapa kama utepe uliokatwa, hijiki ni vijiti vya duara. Arame loweka dakika 10 tu, kwani ilishachemshwa, ila ipike kwa utaratibu uleule. Kyoto wana desturi ya kula arame tarehe zenye 8, na siku ya kuaga mizimu, 16 Agosti, maji yaliyoichemsha humwagwa mlangoni.

---

supu_ya_asubuhi

Jaribio la pili: gramu 10, friji usiku kucha, imetolewa kwenye viputo vya kwanza. Mchuzi ni rangi ya chai nyepesi sana, hauna utelezi. Konbu iliyotumika nimeibakiza, inaliwa?

---

Sufuria_Nzito

Inaliwa, ipike tsukudani, yaani ikaukie kwenye sosi ya soya na sukari; jina ni la Tsukuda, kisiwa cha wavuvi huko Edo. Hiyo moja uliyonayo ni kidogo, hivyo weka friza mpaka zifike gramu 100 za mbichi. Kata nyuzi *kukingama* na urefu wa jani. Ukifuata urefu utapata kamba. Maji mililita 200 na siki kijiko kikubwa 1, chemsha moto mdogo mpaka ukucha upite. Siki ndiyo inayoilainisha. Hapo tu ndipo utie sosi ya soya vijiko vikubwa 2, mirin 2, sukari 1, uikaushe ukikoroga. Ukitia sosi kabla haijalainika, hailainiki tena.